Maganda ya Mulombwa

Tshibola alizaliwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, akamzika mume wake Kolwezi. Mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, vijana wakamwambia arudi kwao Kasai, mkoa wa wazazi wake, mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Mume wake alikuwa seremala. Milango mingi ya mtaa wao wa Musonoi aliitengeneza yeye kwa mulombwa, mti unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukiukata. Mbao zake mchwa hawazigusi. Maganda yake, wamama walimchemshia mzazi ambaye damu haikatiki.

Sasa binti yake Mushiya alijifungua pale gare, kituo cha treni, chini ya hema la magunia, katikati ya watu waliofukuzwa wakingoja treni ya Kasai. Mtoto alilia vizuri. Damu ya mama yake ndiyo ilikataa kusimama, na daktari hakuna.

Milombwa yote ya karibu ilikuwa imeshachunwa ikakauka. Mmoja ulibaki mzima, uani kwa Rachelle, jirani yake wa zamani, aliyepiga makofi siku vyombo vyao vilipotupwa barabarani.

"Mama, wende kwa Rachelle," Mushiya alimwambia asubuhi.

"Mi nimuombe ule? Afazali nikule udongo!"

Mchana midomo ya Mushiya ilikuwa myeupe, na hakuomba tena. Hapo Tshibola akakaza kitenge, akatoka mbio.

Alimkuta Rachelle akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Ee! Bilulu banarudia?" Ndivyo walivyowaita Wakasai, wadudu.

"Unitukane yote, mama. Lakini unipe maganda ya mulombwa. Mushiya amezaa, damu inamumaliza."

Mchi ukasimama. "Mushiya wetu? Tangu wakati gani?"

"Tangu jana."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini?"

Rachelle akashika panga, akachuna mwenyewe, akafunga maganda katika kitambaa chake cha kichwa. "Kimbia!"

Njiani Tshibola akasikia treni ikilia. Alipofika gare, mabehewa yalikuwa yameanza kutembea, watu wamejaa hadi juu ya paa. Majirani walikuwa wamempandisha Mushiya na mtoto wake. Nani angeiacha nafasi ile?

"Mushiya! Mushiya wa seremala!"

Akamtupia mwanaume mmoja mlangoni kifurushi kile. Yule akampa aliye nyuma yake, na huyo akampa mwingine, kikaingia ndani juu ya vichwa, kisha Tshibola hakukiona tena.

Akakimbia kando ya reli, akipiga kelele: "Muchemushe! Maji ikikuwa nyekundu, mumunyweshe! Yote! Mumunyweshe yote!"