Jioni Mwalimu Kucera Alipokaa Upande wa Wageni

Si kweli kwamba Delmar Kucera aliisaliti shule yake. Wanaosema hivyo pale Osterby, kwenye kahawa ya kituo cha mafuta na hata kanisani, walimwona akivuka uwanja jioni ile, na walichokiona hakikanushwi. Uongo ni kile walichokiongeza: eti mzee mwenyewe ndiye aliyemtafutia mjukuu wake nafasi katika shule ya Linwell, huku akiwasihi wazazi wengine wasihamishe watoto wao. Aliyemhamisha ni Russ, mwanawe, kwa haki yake kama baba. Sheria ya Nebraska inamruhusu mzazi kupeleka mtoto shule ya mji wa jirani, na Russ hakuvunja chochote.

Delmar alifundisha hesabu katika sekondari ya umma ya Osterby tangu ujana wake. Siku hizo, kuita majina asubuhi kulikuwa kama kusoma mawe ya makaburi ya Wacheki nyuma ya kanisa: Novotny, Sedlacek, Kucera, na Kucera tena. Kisha kiwanda cha nyama kikapanuka. Wakaja Wameksiko, wakafuata Waguatemala, halafu Wasomali, na yeye akajifunza kuita upya. Kila Agosti aliyarudia majina mapya garini, madirisha yamefungwa, mpaka ulimi ukakubali.

Maneno yaliletwa na alama. Kila masika kuna mtihani wa jimbo, na mtoto aliyefika Januari bila neno la Kiingereza hupimwa sawa na aliyezaliwa mtaa wa pili. Wastani ukashuka. Mtandao mmoja wa kutafutia nyumba ukaipa shule alama tatu katika kumi, na chini yake ukachora duara la rangi: weupe kiasi gani, Walatino kiasi gani, weusi kiasi gani. Watu walisema wanaangalia ile tatu. Delmar alijua jicho lao linatua wapi kwanza.

Umri wa kustaafu ulimkuta akabaki kazini, na sababu ilikuwa moja tu. Brynn, mtoto wa pekee wa Russ, alikuwa karibu kuingia darasa la tisa. Delmar alitaka kumwona ameketi darasani mwake, hata kwa mwaka mmoja. Alimwambia mkewe, Arlene, peke yake, tena akiwa amegeukia sinki, kama mtu anayeomba kitu asichostahili.

Russ aliitoa habari mezani, Jumapili, kwenye nyama ya nguruwe na kabichi.

"Baba, usikasirike. Brynn ataanzia Linwell."

"Linwell kuna nini?"

"Kuna nane katika kumi. Sisi tuna tatu. Tatu, Baba! Wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

"Ndiyo maana nakwambia. Mwanafunzi wangu Yesenia alifika Januari, Machi akapimwa. Mimi nikipimwa kwa Kihispania nitapata nini? Nitaagiza chakula tu, tena nitaletewa kisicho chenyewe."

Shelby, mke wa Russ, alicheka kidogo. Kisha akasema, "Baba mkwe, hakuna mwenye neno baya na watoto hao."

"Sikusema lipo, mwanangu. Umelitaja wewe."

"Enzi zangu shule ilikuwa tofauti," Russ akasema.

"Tofauti gani? Mwalimu ni yuleyule. Amenyonyoka nywele tu."

Brynn alikuwa akichorachora sahani kwa uma. Delmar alimtazama, akingoja aseme lolote. Kisha akaomba kabichi zaidi, ingawa mwenyewe kabichi hakuipenda.

Mwaka ule wa kwanza aliendelea kufundisha, na wa pili pia. Arlene alipomuuliza anangoja nini sasa, alimjibu kwamba mtoto anaweza kurudi, milango ya shule ya umma haifungwi. Alisema hivyo kila Agosti.

Februari ya mwaka huo wa pili timu ya wasichana ya Linwell ilikuja Osterby kucheza mpira wa kikapu. Akina mama waliuza supu ya maharage yenye pilipili na mikate ya mdalasini mlangoni, kama ada. Delmar aliketi mezani kando ya uwanja, akiendesha saa ya mchezo, kazi aliyoifanya tangu enzi za saa ya mishale. Hodan Warsame, mwanafunzi wake wa aljebra, alifunga mpira, na hapo wanafunzi wa Linwell wakaanza kuimba kutoka upande wa wageni, wakipiga mbao za kukalia kwa miguu:

"Tatu kwa kumi! Tatu kwa kumi!"

Delmar aliinua macho. Brynn alikuwa safu ya nne, amevaa bluu ya Linwell, na mdomo wake ulikuwa ukienda pamoja na wenzake. Wapo wanaotaka lifichwe hilo. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na aliimba.

Wakati wa mapumziko Delmar alimwachia mwenzake saa. Akavuka uwanja mzima na koti lake la rangi ya chungwa la Osterby, watu wote wakimwona, akapanda ngazi za wageni.

"Sogea kidogo, bibie."

"Babu, unaniaibisha."

"Najua. Sogea."

Akaketi. Kijana mmoja nyuma akauliza, "Nani huyu kichungwa?" Brynn akageuka. "Babu yangu. Nyamaza."

Kipindi cha pili upande ule haukuimba. Delmar aliinama akamwambia mjukuu wake maneno machache, naye akaificha sura yake kwenye koti la babu yake mpaka kipenga cha mwisho.

Delmar alifariki Julai. Agosti Brynn alijiandikisha Osterby kwa hiari yake, akaketi katika darasa lile la babu yake mbele ya mwalimu mgeni, kijana mpole asiyejua bado kuyaita majina. Wapo wanaonong'ona kwamba Linwell walimfukuza. Waongo.

Watu humsimamisha Arlene dukani wakitaka kujua mzee alimwambia nini mtoto pale kwenye mbao. Anayajua maneno hayo, aliambiwa na mumewe usiku ule njiani kurudi nyumbani. Ni mali ya Brynn, na Arlene hayasemi.