Gawio Halivuki Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Ofisi yetu ya udalali wa hisa mjini Busia ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge, na Meneja wa Tawi aliniambia nisimame kando yake nisikilize wateja mpaka saa ya chakula. Kusimama niliweza. Kusikiliza ndiko kulikonishinda, maana sijawahi kuwa mtu wa kutulia.

Mgeni wa hisa huuliza swali lile lile: ipi inalipa gawio kubwa? Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Meneja hakulijibu upesi. Alifungua ripoti za kampuni na kuuliza: imelipa mfululizo, hata mwaka mbaya? Inalipa kutoka kwa faida, au inakopa ili ilipe? "Gawio likionekana nono ghafla ukililinganisha na bei ya hisa," aliniambia, "angalia kwanza kama bei hiyo haijaporomoka." Mimi niliona anapoteza muda. Tulipata kamisheni mteja akinunua na akiuza. Aliyenunua hisa akakaa nazo miaka alinifaa nini?

Baadaye Mkuu wa Kanda alinipeleka Malaba, dawati moja, peke yangu. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na maajenti wa forodha, watu wanaoishi kwa kuvusha: nunua upande huu, vuka, uza upande ule, umemaliza. Hisa nazo wakazichukulia hivyo hivyo.

Barasa, dereva wa trela kutoka Matayos, alikuja na akiba yake yote. Mgongo ulikuwa umemwisha, na daktari alimwambia aachane na usukani. Alitaka gawio la kumlisha yeye na mkewe ili ashuke lori kabisa. Nikamweleza kuhusu kufunga rejista, yaani siku ambayo kampuni huandika majina ya watakaolipwa.

"Ah, madam, hiyo ni kama geti tu," akacheka. "Naingia kabla geti ifungwe, gawio yangu imeandikwa, kesho yake nauza. Nahamia kampuni ingine. Hapo nimekosea wapi?"

Nilijua alipokosea. Geti hilo likishafungwa, bei ya hisa kwa kawaida hushuka kwa kiasi cha gawio lenyewe, hivyo ulichopata umekipoteza palepale, na bado kuna kodi na kamisheni. Kamisheni yangu.

"Hujakosea, boss," nikasema. "Jaza fomu."

Alishuka lori, akavusha kampuni baada ya kampuni. Kila gawio lilipoingia alinipigia simu kwa furaha, nami nikafurahi naye, Mungu anisamehe. Kisha siku moja alikuja, akaketi, akaweka taarifa ya akaunti yake mezani.

"Madam, mimi nimelipwa kila mara. Sasa hii akiba ingine imeenda wapi?"

Nikamweleza polepole yale niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza.

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akachukua kofia yake. Wiki hiyo hiyo alirudi barabarani.

Habari zilipomfikia Meneja, hakunifokea. Alinirudisha Busia, akaondoa kiti changu. "Simama hapa," alisema. "Anza upya." Nikasimama, na safari hiyo nikasikiliza. Tangu hapo kila mgeni nilimwambia achague kampuni ambayo angekubali kubaki nayo hata bei ikishuka, asiweke pesa zote mahali pamoja, na gawio alitumie kununua hisa zaidi. Wengine walipiga miayo wakaondoka, nami nikawaacha waende.

Sasa nimestaafu. Hisa zangu chache zinanilipa vizuri, lakini nyumbani hakukaliki. Foleni ya malori ikirefuka Malaba, natembea kando yake nikiangalia madirishani. Mwaka huu nikamwona Barasa, yuko kwenye usukani, mto mgongoni. Nikasimama chini ya mlango wake, nikamwomba msamaha.

Akachungulia dirishani.

"Madam, si ulisema sijakosea?"

Foleni ikasogea, naye akawasha injini.