Konokono wa Shangani na Dawa ya Mume Wetu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa sayansi Mtwara mjini, mwenye ndoa ya miaka mitano na mtoto hata mmoja sina. Ukoo wa mume wangu ulikuwa umeshampata mkosaji bila kumtafuta. Kila jioni nililetewa bakuli la mizizi ya uzazi iliyochemshwa, chungu kama shubiri, nikalimaliza. Mume wangu yeye alikunywa chai. Sasa walikuwa wamemwona binti huko Mahurunga, na Ijumaa wangekaa kikao ili aposwe.

Alhamisi maji yalipokupwa nilikwenda Shangani kuokota chaza na bibi yake mume wangu. Kwa desturi yetu bibi huyo alikuwa mtani wangu: yeye alimwita mjukuu wake mume, na mimi akaniita mke mwenza. Kwa hiyo mambo ambayo nisingethubutu kumtamkia mama mkwe, kwake yalipita.

Kwenye kidimbwi tulikuta konokono wawili wakubwa wasio na gamba, wamelazana kichwa kwa mkia, ubavu wa kulia kwa ubavu wa kulia.

"Dume yupi hapo, mke mwenza?"

"Wote, bibi. Na wote ni majike. Uume na uke viko ubavuni hapo, karibu na shingo. Kila mmoja anatoa mbegu na kupokea, kisha kila mmoja anataga." Nikamwonyesha utepe wa mayai uliojiviringisha kwenye jiwe.

Alichuchumaa, akawatazama sana. "Na mayai yakikosekana, mizizi anakunywa nani?"

Nilicheka, kisha nikalia, maana nilikuwa nimechoka.

Ijumaa wazee walikaa mkekani, wakanena kwa hekima nyingi juu ya tumbo langu. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli langu la mizizi. Bibi akalichukua, akaingia bila kualikwa.

"Mke mkubwa wa mwanamume huyu ni mimi," alisema, "na sijaombwa ruhusa."

Wakacheka. Akaliweka bakuli mbele ya mjukuu wake. "Hata vidudu vya baharini vinashirikiana. Mume wetu, kunywa na wewe miaka mitano, ndipo tuzungumze habari za Mahurunga."

Kumkasirikia mtani ni aibu, hivyo hakuna aliyemkemea. Mume wangu alipiga funda moja, akakunja uso.

"Chungu mno hii! Kuna mtu anayeweza kuinywa kweli?"

Wazee wote wakanigeukia pale mlangoni, na posa haikupelekwa siku ile wala baadaye.