Uthibitisho Matangani

Shuleni kwetu Goma hesabu tulizisoma kwa kukariri. Mtihani wa Taifa ni wa kuchagua jibu: unatia alama kwenye herufi, unakwenda zako. Nani atakuuliza kwa nini? Prof, mwalimu wetu wa hesabu, alipotutaka tuthibitishe kanuni ya derive ya vitu viwili vinavyozidishana, yaani namna zao lao linavyobadilika, darasa zima liliguna. Rafiki yangu peke yake alinyoosha kidole. Prof akampangia Jumatatu, ubaoni.

Baba yake, mfanyabiashara wa maharage, alitaka wasafiri pamoja kwenda Butembo wiki ile. Rafiki yangu alikataa kwa sababu ya Jumatatu. Basi mzee akaenda peke yake. Jumatatu shule haikufunguliwa. Vita viliingia mjini, na risasi moja ikapenya ukuta wa mbao wa nyumba yao mtaani Majengo, ikamkuta rafiki yangu amelala sakafuni kama tulivyolala sote.

Mzee alirudi barabara ilipofunguka, mwanawe keshazikwa. Kwetu mwanafunzi akifa, darasa lake hukaa matanga likiwa na sare. Tulikuwa kwenye mabenchi chini ya turubai mzee alipokuja akasimama mbele yetu. Tangu afike hakuna aliyemwona akilia, na hilo lilitutisha kuliko vilio vya akina mama.

"Mutoto alikatala kuenda na miye juu ya hesabu," alisema. "Ile hesabu munionyeshe. Nataka kuiona."

Wenzangu wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisoma naye. Niliwachukia, mmoja mmoja. Nikaokota kaa kwenye moto wa matanga uliozimika, nikachora mstatili kwenye kipande cha triplex, ubao mwembamba, kilichoegemezwa ukutani.

"Papa, tuseme hii ni parsele, kiwanja. Urefu inaongezeka kidogo, upana nayo inaongezeka kidogo. Tunatafuta ile yenye imeongezeka."

Nikazidisha nyongeza kwa nyongeza, kosa lilelile la darasa letu zima. Zikariri kanuni, utavuna hayo. Rafiki yangu alikuwa amenicheka kwa kosa hilohilo: "We, umechukua kona, umeacha parsele!" Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya.

Nikachora ukanda mmoja kando: urefu wa zamani mara nyongeza ya upana. Nikachora wa pili juu: upana wa zamani mara nyongeza ya urefu. Halafu ile kona ndogo, mahali nyongeza mbili zinapokutana. Nikagawanya vyote kwa muda uliopita parsele ikikua, nikaufanya muda huo upungue, upungue, ukaribie sifuri. Kona ikayeyuka. Mikanda miwili ikabaki, na hiyo ndiyo kanuni.

Nilikuwa nimemaliza. Mistari minne, mitano, na nafasi kubwa tupu chini yake. Nilitamani uthibitisho ule uwe mrefu, ujaze triplex nzima, uvuke hadi ukutani, uwe mgumu hata sisi sote tushindwe. Nikaandika kanuni mara ya pili kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari, kwa sababu sikuthubutu kugeuka.

Mzee alisogea karibu, akatazama kutoka juu hadi chini.

"Iko hii tu?"

"Iko hii tu, papa."