Kiti Kando ya Mama Mkwe

Shemeji yangu Kamili, mume wa dada yangu Theopista, tulimzika Ushirombo mwaka huu wa 1983, wiki moja kabla ya Kwaresima. Watu wa Shinyanga watamkumbuka kwa mizani. Alianza kwa kupima pamba kwenye chama cha ushirika, kisha akaajiriwa kiwanja cha ndege, akawa anapima watu.

Zile ndege ndogo za kwenda Mwanza hazikuwa na kiti cha bwana mkubwa. Ulipanda mizani na mzigo wako mbele ya kila mtu, halafu Kamili akakuonyesha pa kukaa: wazito mbele, wepesi nyuma. Bwana Maulidi, muuza nguo wa pale mjini, hakuacha kubishana naye.

"Leo niweke nyuma, Kamili, nipate kulala."

"Ukilala nyuma wewe, ndege itainua pua kama ng'ombe aliyesikia harufu ya mvua."

"Sema tu kwamba mimi mnene!"

"Sijasema mimi. Imesema mizani."

Alikuwa mtu wa utani hivyo, isipokuwa kwa mama yetu, Salvina. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kamili alikuwa na watoto watatu kwetu, na bado mama alikuwa akijifunika khanga kila aliposikia sauti yake. Alimwita mkwilima, yaani mkwe, na maneno yake yote kwake yalipitia kwa mtu mwingine.

Mwaka 1974 moyo wa mama ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Daktari akasema apelekwe Mwanza upesi. Dada ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, mimi nilikuwa bwenini Tabora. Rubani alikuwa na sharti moja: mgonjwa hapandi bila mtu wa kukaa naye na kumshika. Vilibaki viti viwili vya nyuma, na abiria wote wa siku ile walikuwa watu wa miili mikubwa. Aliyefaa kwa uzani alikuwa Kamili mwenyewe, mwembamba kama ufito.

Mama alipoelewa, alijifunika uso akamgeukia Maulidi, aliyekuwa mmoja wa abiria wa siku ile.

"Mwambie mkwilima wangu mimi si gunia la pamba, aje kunikumbatia."

Kamili akatazama pembeni. "Mwambie mama, akisafiri kama gunia atafika. Akibaki hapa kama mama mkwe, hatafika."

"Na aibu yangu je?"

"Mwambie nitampa mgongo. Sitamtazama."

Maulidi ndiye aliyenisimulia haya baadaye. Walimpandisha mama. Kamili akakaa kando yake, akajipinda kuelekea dirishani mpaka mgongo wake wote ukawa upande wa mama, na kati yao wakaweka khanga. Ndege ikaondoka.

Mwanzoni, Kamili aliniambia, mama alijizuia. Kila ndege ilipoyumba alimgusa kidogo, akajitoa upesi. Kisha akaanza kumwegemea. Kwanza bega, halafu kichwa. Rubani akauliza kwa sauti kutoka mbele, "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ananiegemea," Kamili akajibu.

"Alizidi kuwa mzito, shemeji," aliniambia. "Nami nikafurahi. Nikasema moyoni, leo mama ameacha aibu, amenikubali kama mwanawe. Nikakaza mgongo nisimwangushe."

Hakugeuka mpaka Mwanza. Aliyegeuka ni rubani, naye akavua kofia.

Tangu siku ile Kamili hakuegemea kiti tena. Kanisani alikaa ukingoni mwa benchi amejipinda, na kando yake pakabaki nafasi ambayo hata watoto hawakuikalia. Asubuhi, kabla abiria hawajafika, alipanda mizani peke yake. Dada alimkuta siku moja akisema polepole, "Inaonyesha niko peke yangu. Mgongo unakataa." Tulimwombea misa. Padri akamwambia mama alikufa kwa moyo, na kwamba hata daktari angekaa pale asingeweza kumrudisha. Aliitikia kwa heshima, kisha akauliza, "Lakini angeona mtu, sivyo, Padri? Angekufa akiona mtu."

Alipougua yeye, nilikuja kumsaidia dada. Siku ya mwisho kuongea nilikuwa nikimnywesha uji.

"Shemeji Apolonia, wewe umesoma. Huko niendako nitamsalimuje mama? Kwa mgongo?"

"Padri anatufundisha kwamba mbinguni hakuna mume wala mke," nikamwambia. "Basi hata ukwe haupo. Mtazame tu."

Nikadhani nimemfariji.

"Atanijuaje?" akasema. "Hajawahi kuuona uso wangu."

Nikamfuta midomo. Aliaga dunia Ijumaa.

Sasa kila jioni nikisali rozari, namtajia mama sura ya mkwewe. Namwambia ni mwembamba, paji pana, nyusi zimekutana, sikio la kushoto limekatika ncha kidogo, na akiona aibu hutazama chini upande wa kulia. Namwambia, mama, ukimwona amesimama mbali nawe amekupa mgongo, usimpite. Mwite ageuke.