Fito za Nyanya za Mzee Ekisa

Mimi ni mtu wa Tanga, na kila nyumba niliyopanga ugenini nimeitunza kwa utaratibu. Kwa hiyo Mzee Ekisa wa Malaba aliponipa yake kwa mwezi wa majaribio, mpaka wazee wa ukoo waje kuniona, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilipaka chokaa, nikapanda nyanya. Juu ya boriti nilikuta fito saba nyembamba, zenye uwazi ndani, ndefu kuliko mimi. Nikazipima kwa futi, nikazikata sawasawa kwa msumeno, nikaegemezea nyanya.

Jumamosi wazee walikuja na chungu cha pombe, wakaketi kwa duara, mbali nacho.

“Bwana Tanga,” akasema Mzee Ekisa, “tutolee mirija yetu ya kunywea, iko kwenye boriti. Mmoja ni wa marehemu baba.”

Macho yangu yalikimbilia bustanini, na yake yakayafuata.

Mzee mmoja aling'oa mrija, akaufuta udongo, akaketi tena na kuunyoosha. Haukufika chunguni.

“Nyumba utapewa,” akaniambia. “Lakini kwanza inama wewe, utuonyeshe tutakunywaje.”