Meno ya Chuma kwenye Ndege ya Foamu

Mpaka leo kuna watu hapa Iringa mjini wakiniona nakatiza sokoni wanainua kiganja juu na kukishusha kwa kasi kama ndege inayoanguka, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao, maana ukinuna ndiyo umewaongezea utamu. Wanachokumbuka wao ni ndege kuangukia meza kuu. Waache wakumbuke hivyo. Ndege kuanguka ni jambo la kawaida, kila anayerusha ndege anaokota ndege. Aibu yangu ni kile nilichofanya ndege ilipokwisha kuwa chini, na hicho siwezi kukieleza bila kuanzia kwenye kitu kinachoitwa servo, kidogo kuliko kiberiti.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio. Kwetu ni Mbeya, ila nilioa Iringa na kazi yangu iko hapa, na starehe yangu tangu nimeachana na bia ilikuwa kutengeneza ndege za rimoti, zile za sarakasi, zinazobiringika na kupinduka na kusimama wima hewani zikining'inia kwa propela. Tunazikata kwenye foamu nyeupe, hiyo hiyo inayokuja imeikumbatia televisheni ndani ya boksi. Sasa ndani ya ndege kuna vimota vidogo vyenye mkono, ndizo servo: ukisukuma kijiti kwenye rimoti, servo inageuza mkono wake, mkono unasukuma waya, waya unakunja kipande cha bawa au cha mkia, na ndege inageuka. Basi, hakuna uchawi. Ila servo zina meno ndani, meno ya gia, na hapo ndipo penye mjadala, kwa sababu kuna za meno ya plastiki, nyepesi kama ganda la karanga, na kuna za meno ya chuma, zenye nguvu, ngumu, lakini nzito.

Ndege yangu ya njano ilikuwa na zile za plastiki. Ilikuwa inaruka polepole hivi, unaweza kutembea pembeni yake mkapiga stori. Nikaipenda kupita kiasi (mke wangu anasema kupita watu).

Jumapili moja baba mkwe, Mzee Kikoti, alikuwa amekuja kutoka Idodi kututembelea, nikamchukua twende uwanjani aone. Huyu mzee hakuwahi kunielewa. Kwake yeye mwanamume ana shamba, au ana ng'ombe, au ana ofisi, na mimi nina midoli. Nilitaka aone kwamba si midoli. Nikarusha vizuri kabisa, na wakati wa kutua nikajikwaa, ndege ikagonga kichuguu kidogo kwa mkia, na nilipoiokota servo moja ya mkiani ilikuwa inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mzee akauliza imekuwaje, nikamwambia meno yamekatika, ni ya plastiki. Akaniangalia, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo: "Kumbe mkwe, ndege yako ina meno ya bandia kama mimi."

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Na ulikuwa utani mzuri, nakubali, mzee wa watu alikuwa anajicheka mwenyewe pia. Mtu mwenye akili zake angecheka na kununua servo nyingine ya aina ile ile. Mimi nilirudi nyumbani na ile kauli imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kesho yake asubuhi nikaenda kwa Nitin.

Nitin ni rafiki yangu wa siku nyingi, familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye mwenzangu katika huu ugonjwa wa ndege. Vifaa vyote yeye ndiye anaagiza. Nikamwambia nataka servo za chuma, zote, mabawani na mkiani. Akaniuliza kama nina homa. Akasema ndege ya foamu haihitaji nguvu, inahitaji wepesi, nikiweka chuma mkiani mkia utaniburuza. Nikamjibu kwamba meno ya plastiki yameniaibisha mbele ya mkwe na sitaki kusikia tena habari yake. Akanitolea servo. Nilipofika mlangoni akaniambia tu, "Irushe kwanza pembeni kabla hujairusha mbele ya watu."

Kwa nini alisema mbele ya watu? Kwa sababu alijua, na mji mzima ulikuwa unajua, kwamba Jumapili iliyofuata mwanangu Esta anapata kipaimara, na mimi nilikuwa nimeshapanga kurusha ndege kwenye sherehe.

Esta mwenyewe hakutaka. Hili lazima niliseme. Alinifuata jikoni, mtoto mpole yule, akasimama anachezea ncha ya kanga ya mama yake iliyokuwa imeanikwa, akasema, "Baba, naomba siku hiyo iwe ya kwangu." Mimi nikacheka, nikamwambia ndiyo maana nakurushia wewe, mwanangu, nani mwingine kanisani hapa atarushiwa ndege na baba yake? Akasema sawa baba. Watoto wetu tumewafundisha kusema sawa baba, halafu tunadhani ni sawa.

Basi nikafunga servo za chuma. Nikainyanyua ndege kwa vidole viwili katikati ya bawa, kama tunavyopima, mkia ukaanguka chini. Nitin alikuwa sahihi. Mtu mwenye akili angezitoa. Mimi nikaona dawa ni kuweka uzito puani, na badala ya kubandika kipande cha madini ya risasi nikasema ngoja niweke betri kubwa, angalau huo uzito utakuwa na faida. Ikakaa sawa. Ila sasa ilikuwa nzito, na ile hali yake ya kuelea kama unyoya ilikuwa imekwenda, nikajiambia si kitu, upepo wa huku kwetu unataka ndege yenye mwili. Na kuna jambo jingine nililijua kabisa kama fundi na nikalipita kama vile silioni: servo za namna ile zinakula umeme mwingi zikifanya kazi kwa pamoja, na kile kifaa kidogo kinachozigawia umeme, na kukigawia pia kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, kilikuwa kile kile cha zamani kilichozoea servo za plastiki. Nilizijaribu mezani, zikacheza vizuri, zikapiga kelele ya kiume. Mezani hakuna upepo. Kurusha pembeni sikurusha, karibu wiki nzima mvua ilinyesha, na siku isiyokuwa na mvua nilikuwa nahangaika na maturubai.

Jumapili ikafika, ibada ikaisha, tukahamia kwenye uwanja wa shule jirani na kanisa. Maturubai, spika, meza kuu imefunikwa vitambaa vya kumeremeta mpaka chini, Esta katikati na gauni lake jeupe, mama yake kulia, Mzee Kikoti kushoto, mchungaji na wazee wa kanisa pembeni. Wamekuja ndugu wa Mbeya, wamekuja wa Idodi, wamekuja hata wa Nyololo ambao kwenye misiba hatuwaoni. Chakula kilipokuwa kinaanza kuandaliwa, emsii akatangaza kwamba sasa baba wa mtoto ana zawadi ya kipekee inayotoka angani (maneno hayo nilimwandalia mimi).

Nikarusha. Na mwanzoni jamani ilikuwa safi. Ilikuwa na kasi kuliko nilivyozoea, inataka uwanja mkubwa zaidi kugeuka, lakini ikabiringika, ikapita kichwa chini, watu wakapiga vigelegele, dijei akaongeza muziki, nikamtupia jicho Mzee Kikoti nikaona amesimama. Amesimama kabisa, mkono juu ya macho. Hapo ndipo nilipokwisha. Nikasema sasa namalizia na kuning'inia, na nisiifanye kule mbali, niilete hapa mbele ya meza kuu mzee ayaone meno yake ya chuma.

Nikaileta, nikaisimamisha wima juu kidogo ya turubai. Ndege nzito ukiisimamisha namna ile, kila servo inapigana kwa nguvu zake zote kwa wakati mmoja, na mota ya propela nayo inanyonya, na kile kifaa cha kugawa umeme kikazidiwa, kila kitu kikazima. Nasukuma vijiti, hakuna kitu. Propela ikasimama, ndege ikageuza pua ikaanza kushuka, na mimi kwa hofu nilikuwa bado nimekibana kijiti cha mwendo juu kabisa, kwa hiyo umeme uliporudi, sekunde hiyo hiyo, mota nayo ikarudi na nguvu zote, pua imeshaangalia chini. Ikaingia turubaini kama jiwe lililotupwa.

Ikapiga nguzo, bawa likasambaratika, foamu ikamwagika juu ya watu kama mvua ya mawe, na pua yenye ile betri kubwa ikaenda kupasukia mezani mbele ya mchungaji. Hapo bado ingekuwa kichekesho. Lakini betri za aina hii zikitoboka hazisamehe. Ukatoka moshi mweupe, halafu moto, moto wa kufoka kama jiko la mchina la mafuta ya taa lililopulizwa, na vile vitambaa vya kumeremeta vikaushika kama vilikuwa vinausubiri. Watu wakakimbia, viti vikaanguka, masufuria ya pilau yakapinduliwa, spika inaendelea kuimba peke yake. Kitambaa kilichokuwa kimefunika meza kilikuwa kimelala juu ya mapaja ya Esta, na moto ulikuwa unakifuata. Mama yake alikishika kwa mikono mitupu, akakivuta, akakitupa nyuma, akamvuta na mtoto. Mzee Kikoti alivua koti lake la suti akawa anapiga moto nalo, mzee wa umri ule.

Na mimi? Mimi nilikimbia, ndiyo, nilikimbia kuelekea mezani. Kuna video inaonyesha nakimbia, na ukiisimamisha hapo unaweza kudhani huyu ni baba. Ila mbele ya meza palikuwa pameanguka mkia wa ndege, mzima, na video inaonyesha napiga magoti, nauokota, naugeuza, na kwa kidole hiki nausukuma mkono wa servo huku na huku, mara moja, halafu ile ya pili, naangalia kama meno yamekatika. Nyuma yangu mke wangu anavuta moto.

Sikumbuki kufanya hivyo. Naapa. Nakumbuka nakimbia, nakumbuka niko mezani, katikati hakuna kitu. Lakini mpwa wa mke wangu alikuwa anarekodi na simu, na kabla hatujarudi kutoka hospitali ambako mke wangu alifungwa mikono yote miwili, mji ulikuwa umeshaiona. Mzee Kikoti aliiona kwa jirani. Alikuja kuaga asubuhi, akamsalimia binti yake, akamshika Esta kichwani, mimi nikampa shikamoo akaniitikia, akaondoka. Nilitamani anitanie. Hajanitania tena hadi leo.

Shuleni walimtungia Esta majina, hayo sitayataja. Alivumilia muhula ule, kisha akamwomba mama yake aende kusoma Mbeya, akae kwa dada yangu, na mama yake akakubali bila kuniuliza. Mikono ya mke wangu ilipona, ila kiganja cha kulia ngozi imevutana, akisonga ugali anabadilisha mkono. Halalamiki. Nilimwomba radhi mara nyingi, akaniambia, "Baba Esta, kuomba radhi umeomba, sasa tuache tule," na mimi mpaka leo sijajua kama hiyo ni samahani.

Nilipokwenda Mbeya kumwona mtoto, shangazi yake alitoka makusudi akatuacha peke yetu. Tukaongea masomo, tukaongea baridi ya Uyole wanakokaa, halafu akaniuliza, huku anapanga vyombo na hanitazami:

"Baba, kwenye ile video, ulikuwa unaangalia nini?"

Ningeweza kusema nilichanganyikiwa. Ningeweza kusema nilikuwa nautoa mkia njiani. Nikamwambia nilikuwa naangalia kama servo ni nzima.

"Zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali la hesabu, akabeba vyombo akavipeleka nje kuviosha.

Sijarusha tena, na vifaa vyote nilimrudishia Nitin. Bado wanakuja vijana kuniuliza, fundi, ndege ya foamu niiwekee servo gani, za plastiki au za chuma, na mimi nawajibu vizuri tu: weka nyepesi, zikikatika meno nunua nyingine. Wengi hapo wanaaga. Anayebaki namwambia na la pili, kwamba siku yoyote mwanao akikuomba usirushe, usirushe, na usimwulize sababu. Wananitazama wanaona fundi kaanza kuzeeka. Sawa. Mimi nilipoambiwa niliona mtoto ana aibu tu, ataizoea.